Kupanga safari ya gofu ya pwani na bara

Safari nyingi za gofu huharibikia mezani, miezi kadhaa kabla ya mtu kupanda ndege. Mtu anafungua ramani, anaona viwanja vinane kando ya bahari, anavipanga vyote ndani ya siku sita. Siku ya tatu magoti yanalia. Siku ya nne mvua inafuta raundi aliyoingoja mwaka mzima, na hakuna nafasi ya kuisogeza. Siku ya tano watu hawasemeshani ndani ya gari. Mimi mwenyewe nilipanga safari mbili za namna hiyo kabla sijapata akili.

Sasa nina utaratibu mmoja: nachagua raundi moja ambayo sitaki kuikosa, halafu nyingine zote naziweka pembeni yake kuilinda. Hapa nitatumia mfano wa Uskoti, hasa mji wa St Andrews na eneo la Perthshire, kwa kuwa pale unaweza kutoka kwenye vilima vya bara hadi ufukweni kwa mwendo kama wa saa moja kwa gari. Lakini hatua zenyewe utazitumia popote unapokwenda.

Hatua ya 1: Elewa unachokwenda kucheza

Pwani na bara ni kama michezo miwili tofauti, na asiyelijua hili hupanga ratiba kwa kutazama picha tu.

Viwanja vya kale vya pwani huitwa linksi. Ni ardhi ya mchanga iliyo kati ya ufukwe na mashamba, isiyofaa kulimwa, ikaachiwa kondoo na sungura na baadaye wacheza gofu. Mchanga hunyonya maji upesi, kwa hiyo ardhi ni ngumu na mpira ukitua hukimbia, wakati mwingine yadi 30 au 40 zaidi ya pale ulipotaka usimame. Miti hakuna, au ni ya kuhesabu, kwa hiyo upepo hauna wa kuuzuia. Bunka, yale mashimo ya mchanga, huwa na kuta zilizosimama wima kama kisima.

Bara ni kinyume chake. Udongo ni mzito zaidi, miti inakukinga, mpira ukitua juu ya grini, ule uwanja mdogo wa nyasi fupi sana penye tundu na bendera, unasimama. King's Course ya Gleneagles, iliyochorwa na James Braid na kufunguliwa mwaka 1919, inapanda na kushuka vilima vya Perthshire, na kutoka tii nyingi, yaani pale pa kuanzia kila shimo, unaona milima kwa mbali. Kusini, karibu na London, Sunningdale inapita katikati ya misonobari na vichaka vifupi vya mashina magumu. Ukiingiza mpira humo, mkono wako utalijua kosa lako kabla ya macho.

Halafu kuna viwanja vya bahari ambavyo si linksi hata kidogo. Pebble Beach, kule California, umekaa juu ya majabali. Shimo lake la 7 (shimo hapa ni njia nzima kutoka tii hadi grini) lina yadi kama 106 tu na linateremka kuelekea majini. Siku tulivu ni pigo la fimbo fupi kabisa. Upepo ukivuma kutoka baharini, wachezaji wa kulipwa wameonekana wakitoa fimbo ndefu na bado wakaishia mchangani. Kwenye pwani za joto utakuta nyasi za paspalum, ambazo hupandwa kwa sababu zinavumilia maji ya chumvi. Juu yake mpira hukaa vizuri lakini haukimbii kama kwenye linksi, kwa hiyo usiende huko na mbinu za Uskoti ukadhani bahari ni bahari.

Chagua mchanganyiko. Kwa safari ya wiki moja mimi hupenda raundi tatu za pwani na mbili za bara. Viwanja vitano vya linksi mfululizo humchosha hata anayevipenda. Kufika siku ya nne mashimo yote yanaanza kufanana na umechoka kupigwa na upepo masikioni.

Hatua ya 2: Chagua raundi moja, ujue masharti yake

Andika uwanja mmoja tu juu ya karatasi. Kisha tafuta sheria zake za kupokea wageni kabla hujafanya jambo lingine lolote, maana tarehe za safari zitatoka hapo.

Tuseme ni Old Course ya St Andrews. Watu wengi hudhani ni klabu ya wakubwa isiyoingilika. Ukweli ni kwamba ni uwanja wa umma, na tangu mwaka 1974 unaendeshwa na St Andrews Links Trust pamoja na viwanja vingine vya mji huo, saba kwa jumla. Unaweza kuomba nafasi mapema, na maombi hayo hupokelewa mwaka uliotangulia. Ukikosa, kuna bahati nasibu ya kila siku: mnaandikisha majina siku mbili kabla ya siku mnayotaka kucheza, mkiwa wawili hadi wanne, na matokeo hutolewa siku hiyo hiyo ya kujiandikisha. Aliye peke yake ana droo yake, ambayo imechukua nafasi ya ule mtindo wa zamani wa watu kupanga foleni tangu usiku. Na mchezaji lazima aonyeshe cheti cha handikapu, yaani kile kipimo rasmi cha uwezo wake.

Sasa tazama jinsi masharti hayo yanavyopanga safari yenyewe. Jumapili Old Course haichezwi, isipokuwa kwa mashindano machache. Inageuka bustani ya mji, watu wanatembea na mbwa wao na watoto wanakimbia kwenye fewei, zile njia za nyasi fupi. Bahati nasibu inakupa nafasi mpya kila siku. Kwa hiyo aliyelala St Andrews usiku nne katikati ya wiki ana nafasi nyingi kuliko aliyefika Jumamosi na kuondoka Jumatatu. Hesabu ndogo, lakini nimeona watu wazima wakiisahau na kurudi nyumbani na picha ya daraja la Swilcan, lile la mawe lililo kwenye uwanja huo, peke yake.

Viwanja vingine vina masharti yao. Muirfield, huko huko Uskoti, umejulikana kwa kupokea wageni Jumanne na Alhamisi. Pebble Beach huwapa kipaumbele wanaolala kwenye hoteli zake. Bandon Dunes, kule Oregon, uliofunguliwa mwaka 1999, ni wa kutembea kwa miguu. Vigari vya gofu havipo ila kwa mwenye ulemavu. Kama mwenzako goti lake ni bovu, hilo ni la kujua sasa, sio mkiwa kwenye tii ya kwanza.

Hatua ya 3: Mwezi, mwanga na matundu

Watu huuliza juu ya mvua. Waulize pia juu ya mwanga. Mjini St Andrews katikati ya Juni jua huchomoza kama saa kumi na nusu alfajiri na kuzama karibu saa nne usiku. Unaweza kucheza raundi nzima baada ya chakula cha jioni. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na aliyeanza saa sita mchana atamalizia gizani. Karibu na ikweta mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima na giza huingia ghafla, kwa hiyo raundi baada ya chakula cha jioni ni ndoto huko.

Mei na Septemba ndiyo miezi ninayoipenda kaskazini. Mwanga bado upo, umati umepungua kidogo. Baridi ikizidi, mambo mengine yanakuja: kati ya Novemba na Machi kwenye Old Course unapewa kizulia kidogo, na mpira wako wa kwenye fewei lazima uupige kutoka juu ya hicho kizulia ili nyasi zipumzike. Bei hushuka, ndiyo, lakini ujue unachonunua.

Halafu kuna matundu. Kila uwanja hutoboa grini zake mara kadhaa kwa mwaka: mashine inatoboa maelfu ya vitundu ili hewa iingie kwenye mizizi, kisha mchanga unamwagwa juu. Ni kazi ya lazima, na kwa wiki mbili hivi mpira hutembea juu ya grini kama baiskeli kwenye barabara ya kokoto. Mwaka mmoja nilisafiri nusu siku kwenda uwanja mmoja wa pwani niliokuwa nikiuota. Nilifika saa moja asubuhi, jua limetoka juu ya maji, umande unang'aa, nikainama kwenye grini ya mazoezi kuweka mpira chini. Kidole changu kikazama kwenye tundu. Grini zote kumi na nane zilikuwa vile, na nilikuwa nimelipa bei kamili kwa sababu sikuuliza na hakuna aliyeniambia.

Kwa hiyo unapoandika barua pepe ya kuomba nafasi, ongeza sentensi moja: grini zenu zitatobolewa lini? Klabu nyingi zina tarehe hizo kwenye kalenda tangu mwanzo wa mwaka.

Hatua ya 4: Panga siku, bara kwanza

Hapa ndipo ninapobishana na karibu kila mtu. Wengi hutaka kukimbilia baharini siku ya kwanza. Mimi nasema anza bara. Baada ya ndege mwili umekakamaa na saa ya usingizi haijakaa sawa. Uwanja wenye miti na upepo mdogo unakurudishia pigo lako. Pwani siku ya kwanza inakuharibia pigo hilo, na utalihitaji wiki nzima.

Mfano wa usiku saba, tukianzia uwanja wa ndege wa Edinburgh:

Siku ya 1 ni kufika, kuchukua gari, kwenda Perthshire, kulala. Hakuna gofu. Siku ya 2 cheza Gleneagles. Kuna King's, Queen's, na PGA Centenary iliyochorwa na Jack Nicklaus, ambapo Ryder Cup ya mwaka 2014, mashindano ya Ulaya na Marekani, ilichezwa. Siku ya 3 asubuhi mjiandikishe kwenye bahati nasibu, mcheze Rosemount ya Blairgowrie, katikati ya misonobari, kisha mchana mwendeshe hadi St Andrews. Siku ya 4 chezeni New Course, ambayo licha ya jina lake ni ya mwaka 1895, kazi ya Old Tom Morris, na iko ubavuni mwa Old Course, upepo ule ule na nyasi zile zile. Ndiyo darasa bora kabla ya mtihani. Siku ya 5 na ya 6 ziacheni wazi kwa ajili ya Old Course: mkipata siku ya 5, siku ya 6 nendeni Carnoustie au Crail, mkikosa ya 5, fanyeni kinyume. Siku ya 7 ni ya akiba, na siku inayofuata ni ndege.

Siku ya akiba si anasa. Ukungu wa bahari, ambao wenyeji wa pwani ile ya mashariki huuita haar, unaweza kulala juu ya uwanja hadi mchana huku kilomita kumi bara jua linawaka. Mvua ya radi inafunga uwanja. Mtu anaumia mgongo. Ikifika siku ya 7 na kila kitu kimekwenda sawa, nendeni Elie, kijiji cha wavuvi kilicho karibu. Tii ya kwanza pale inakabiliwa na kilima kinachoficha kila kitu, na klabu imeweka darubini iliyotolewa kwenye nyambizi ya jeshi la majini la Uingereza ili mwanzishaji, yule anayeruhusu makundi kuanza, aone kama kundi la mbele limeshaondoka. Inafaa kwenda kwa ajili ya kuchungulia tu.

Raundi mbili kwa siku? Mara moja kwa safari, isizidi. Raundi moja kwa miguu ni kilomita 8 hadi 10, na juu ya vichuguu vya mchanga miguu huhesabu zaidi ya hapo.

Hatua ya 5: Watu na fedha

Fupi tu. Nendeni wanne au wanane, kwa sababu viwanja hupanga makundi ya wanne na mtu wa tano anavuruga kila kitu: gari, vyumba, saa za kuanza. Mmoja awe mshika fedha, na kila mtu aweke amana kabla jina lake halijaandikwa popote. Asiyelipa amana hajasema anakuja, amesema angependa kuja. Soma sharti la kurudishiwa fedha la kila uwanja. Wengine hurudisha mvua ikifunga uwanja, wengine wanakupa tarehe nyingine, wengine hawana habari na wewe.

Kama uwezo wenu unatofautiana sana, chezeni kwa pointi za Stableford, mtindo uliobuniwa na daktari Frank Stableford na kutumika kwenye mashindano tangu mwaka 1932. Shimo likikuharibikia unachukua sifuri, unaokota mpira, unasonga. Hakuna kumngoja mtu apige mara kumi na moja kutoka kwenye bunka.

Hatua ya 6: Handikapu yako, na namna inavyobadilika

Tangu mwaka 2020 nchi nyingi zimejiunga na mfumo mmoja wa handikapu wa dunia, na kiwango cha juu ni 54. Chapisha cheti chako kwenye karatasi hata kama kiko kwenye simu, maana ofisi ya mwanzishaji mara nyingi iko mahali ambapo mtandao hausomi.

Namba iliyo kwenye cheti si idadi ya mapigo utakayopewa. Kila uwanja una kipimo cha ugumu kinachoitwa slopu, kati ya 55 na 155, na 113 ndiyo ya kawaida. Zidisha namba yako kwa slopu ya tii unazochezea, gawa kwa 113, kisha ongeza au punguza tofauti iliyopo kati ya kiwango cha uwanja (mapigo yanayotarajiwa kwa mchezaji hodari) na pari yake, yaani jumla ya mapigo yaliyowekwa kwa mashimo yake yote. Mwenye 18 kwenye uwanja wa slopu 130, kiwango na pari zikilingana, anapata 20.7, yaani 21. Mapigo matatu ya ziada hayo, na ni haki yako.

Kuhusu tii: chezea za mbele kuliko unavyodhani unastahili. Yadi 6,200 za nyumbani si sawa na yadi 6,200 penye upepo wa bahari. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka likizo akilalamika kwamba alifika kwenye grini kwa mapigo machache mno.

Hatua ya 7: Usafiri na malazi

Tafuta vituo viwili vya kulala, visizidi, kimoja bara na kimoja pwani. Kuhama hoteli kila siku na mabegi manne ya fimbo ni adhabu. Gari la watu wanne wenye fimbo ni gari la watu saba. Kunja viti vya nyuma kabisa, mabegi yakae hapo.

Treni inawezekana zaidi ya watu wanavyofikiri. Carnoustie ina kituo karibu na uwanja. Prestwick, ambako mashindano ya kwanza ya Open, ubingwa wa gofu wa Uingereza, yalichezwa mwaka 1860, shimo lake la kwanza linapita kando ya reli yenyewe, na waliopiga mpira kulia wanajua. North Berwick ni kama nusu saa kutoka Edinburgh. Ila St Andrews haina kituo. Unashuka Leuchars, kisha basi au teksi.

Hatua ya 8: Begi

Sheria zinaruhusu fimbo 14. Zihesabu kabla ya kufunga, kwa sababu ya kumi na tano iliyosahaulika kwenye begi inakugharimu adhabu kwenye mashindano na uzito kwenye ndege. Fimbo haziruhusiwi ndani ya kabini, kwa hiyo zitakwenda na mizigo. Uliza shirika la ndege mambo mawili kwa maandishi: begi la gofu linahesabika ndani ya mizigo yangu au ni kifaa cha michezo cha kulipiwa peke yake? Na mwisho wa uzito ni kilo ngapi?

Ndani ya begi gumu au laini, weka fimbo ya mgongo: bomba la alumini, au mpini wa ufagio uliokatwa, mrefu kupita draiva yako, ile fimbo ndefu kuliko zote. Begi likiangushwa kichwa chini, bomba ndilo linalopokea kishindo. Fungua kichwa cha draiva kama kinafunguka, kifunge kwenye soksi, kiweke katikati ya nguo. Vichwa vingine vizungushie taulo. Piga picha ya kila kitu kabla ya kufunga zipu.

Kwenye mzigo wa mkononi weka viatu vya gofu, glavu, koti la mvua na nguo za raundi ya kwanza. Begi likichelewa, fimbo utaazima; viatu vilivyozoea miguu yako huwezi kuviazima popote. Kipima umbali na betri za akiba za litiamu nazo zikae mkononi. Mwenye toroli ya umeme aulize kuhusu betri yake mapema sana.

Mwavuli uache. Kwenye pwani yenye upepo unageuka tanga. Chukua suruali ya mvua, glavu za mvua jozi moja (zinashika vizuri zaidi zikilowa), kofia ya sufu, na mipira zaidi ya unavyohesabu.

Hatua ya 9: Jifunze mapigo mawili kabla ya kuondoka

Wiki sita zinatosha. La kwanza ni pigo la chini. Sogeza mpira nyuma kidogo ya kawaida, shika fimbo chini kidogo, chukua fimbo ndefu kwa namba moja au mbili, halafu usipige kwa nguvu. Nguvu huongeza mzunguko wa mpira, mzunguko unaupandisha juu, na huko juu ndiko upepo ulipo.

Nililisoma hilo mara nyingi, lakini aliyenifundisha ni kedi, yule mbeba begi, kwenye uwanja mmoja wa pwani. Zilibaki yadi 140, upepo usoni. Nikashika ayani, fimbo ya kichwa cha chuma, namba 8, fimbo yangu ya yadi 140. Mzee akaichukua mkononi mwangu bila kusema, akairudisha kwenye begi, akanipa ya 5, iliyo ndefu zaidi. Akaonyesha kwa kiganja chake: chini, chini. Nikapiga robo tatu ya pigo. Mpira ukaruka urefu wa mtu na nusu, ukatua yadi 30 kabla ya grini, ukaruka mara mbili, ukaanza kubingirika, ukapanda tuta dogo, ukapotea upande wa pili. Tulipofika ulikuwa hatua tatu kutoka kwenye shimo. Akaniambia tu, «Huku hatupigi. Tunatuma.»

Kipimo cha kukisia: upepo wa mbele wa kilomita 16 kwa saa hula karibu sehemu moja ya kumi ya umbali wako. Upepo wa nyuma wa kasi hiyo hukurudishia nusu tu ya hicho. Upepo haulipi madeni sawasawa.

Pigo la pili ni kusukuma mpira kwa fimbo ya grini ukiwa bado nje ya grini, hata hatua ishirini. Nyasi za linksi ni fupi na ardhi ni ngumu. Fimbo ya kunyanyua inateleza na kuupiga mpira tumboni. Fanya zoezi hili kwenye nyasi kavu zilizokatwa, jioni, mipira hamsini. Na ukiingia kwenye bunka yenye ukuta, geuka utazame nyuma. Mara nyingi njia ya kutoka ni pembeni au kurudi ulikotoka. Ile bunka ya shimo la 17 la Old Course imewanyenyekeza mabingwa waliokataa kufanya hivyo.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Fika dakika 45 kabla. Kama uwanja una makedi, weka oda siku kadhaa kabla, na uwe na fedha taslimu ya malipo yao na bahashishi. Hata mkiwa wanne, mmoja tu wa kuonyesha njia anatosha, hasa kwenye mashimo yasiyoonekana. Shimo la 5 la Lahinch, nchini Ayalandi, limefichwa kabisa nyuma ya kichuguu, na unalenga jiwe jeupe lililowekwa juu yake. Mgeni asiyejua jiwe hilo ni la nini ataulenga mlima.

Kwenye Old Course kumbuka kwamba grini saba ni za mashimo mawili mawili, na namba zake zikijumlishwa hufika 18: la 2 na la 16, la 3 na la 15, na kadhalika. Kundi linalokuja kutoka upande wa pili lina haki sawa na yako, kwa hiyo hakikisha bendera unayoilenga ndiyo yako. Na lenga kushoto. Nje ya mpaka kuko kulia unapotoka na kulia unaporudi.

Tafuta mpira kwa dakika tatu, ndiyo sheria tangu mwaka 2019. Aliye tayari apige. Rudisha majani uliyong'oa, sawazisha mchanga kwa reki, ziba alama ya mpira wako juu ya grini na moja ya mtu mwingine.

Jioni ya mwisho, kabla ya kufunga begi, chukua mswaki wa zamani na ndoo ya maji ya vuguvugu usugue nyayo za viatu na vichwa vya fimbo hadi udongo wote utoke. Australia na Nyuzilandi, kwa mfano, hukagua udongo kwenye vifaa vya michezo na wanakutaka uvitaje kwenye fomu ya kuingia. Acha viatu vikauke usiku kucha karibu na dirisha, vijaze magazeti, na uviweke tena kwenye mzigo wa mkononi.